Gari yenye rotili mbovu isipakie watu

GOMA, Kivu ya Kaskazini – Kila asubuhi mapema, kamyoneti zinajipanga kando ya barabara inayotoka Ndosho kuelekea Mugunga na Sake. Nyingi ni Hilux za zamani, rangi imetoka, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Makonveyeri wanaita abiria: «Sake, Minova, nafasi mbili!» Nafasi mbili zinageuka kumi. Magodoro yanafungwa juu ya magunia ya maharagi, sufuria na bidoni za maji zinaning'inia pembeni, na juu ya yote wanapanda akina mama na watoto. Ni familia zilizokimbia vita. Zingine zinarudi kuangalia kama nyumba ingali imesimama, zingine zinahama mara ya tatu au ya nne.

Hutokea mama akauliza mbele ya kupandisha watoto: «Papa shofere, gari iko muzima?» Jibu halibadiliki: «Panda tu, mama. Toyota haikufaka.»

Toyota inakufa. Na mara nyingi kinachoiua si moteri. Ni chuma kidogo kinachoweza kushikwa ndani ya kiganja cha mkono, ambacho mafundi wa garaji wanakiita rotili. Gari ambayo rotili zake zimechoka haifai kupakia watu, hata siku moja, hata kwa zile kilometa 25 hivi za Goma mpaka Sake. Na mzigo wa kuzibadilisha hauwezi kuachiwa shofere peke yake.

Rotili ni kiungo, kama kile cha nyonga ya mtu. Kuna kichwa cha mviringo cha chuma, kinachogeuka ndani ya kikombe chake, na kati yao kuna grisi. Juu yake kuna kifuko cha mpira kinachozuia maji na vumbi visiingie. Kwenye kamyoneti yenye magurudumu ya mbele yanayofanya kazi kila moja peke yake, gurudumu limeshikwa kati ya mikono miwili ya chuma, wa juu na wa chini, ile wanayoiita triangulu. Kila mkono una rotili yake. Kwa hiyo upande wa kushoto kuna mbili, na upande wa kuume mbili. Rotili hizo ndizo zinazoruhusu gurudumu kupanda na kushuka kwenye shimo na wakati huohuo kugeuka na usukani. Rotili ya chini ikichomoka, hakuna kitu kingine cha kulishika gurudumu upande huo. Linalala chini ya gari, pua ya gari inapiga barabara, na usukani haumtii shofere tena.

Si kila kamyoneti ina rotili za namna hii. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zinazojulikana sana katika Kivu, zina ekseli nzima mbele, na Hilux zingine za miaka ya 1980 na 1990 pia. Hizo zina pivo na rulma zake, ambazo nazo zinachoka na zinadai kuangaliwa. Lakini Hilux nyingi zinazobeba watu leo ni zile za rotili, na mwenye gari anapaswa kujua anatembea juu ya nini.

Wengine watasema kwamba haya ni mambo ya magari mabovu ya Kongo tu. Sivyo. Mwaka 2005, huko Marekani, kampuni ya Toyota yenyewe iliwaita wenye kamyoneti za Tacoma na Tundra, pamoja na aina zingine, walete magari yao ili rotili za chini zichunguzwe, kwa sababu kuna zilizotoka kiwandani zikiwa na kasoro. Magari hayo yalikuwa na umri wa miaka michache tu. Kama gari changa inayotembea kwenye lami iliitwa garaji kwa ajili ya rotili, je, ile yenye miaka 20 inayopita juu ya mawe ya Nyiragongo?

Maana hapa kuna adui anayejulikana na kila mkaaji wa Goma. Tangu mlipuko wa Januari 2002, sehemu ya mji imejengwa upya juu ya lava, na vumbi lake jeusi linaingia kila mahali, mpaka ndani ya chakula. Kifuko cha mpira cha rotili kikipasuka kidogo tu, vumbi hilo linachanganyika na grisi na kuwa kama karatasi ya kusugulia chuma. Msimu wa mvua, maji ya mashimo yanaingia nayo na kuleta kutu. Kichwa cha rotili kinalika, kikombe kinapanuka, na nafasi inaanza kuonekana. Tangu hapo kila jiwe ni pigo la nyundo.

Kisha kuna uzito. Hilux imetengenezwa kubeba karibu tani moja, na aina zingine ni pungufu ya hiyo. Watu 15 wazima wenye kilo 60 kila mmoja ni kilo 900. Ukiongeza magunia matatu ya kilo 100, umeshavuka. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mzigo inakaa juu ya magurudumu ya nyuma. Lakini wale waliokaa juu ya kabini, na yule aliyepanda mbele akiwa na mtoto na beseni, wanabebwa na rotili za mbele. Na gurudumu la mbele likilala, waliokaa juu kabisa ndio wanaorushwa mbali zaidi. Mara nyingi ni vijana, na watoto walioshikwa kwa mkono mmoja.

Rotili haichomoki bila kutoa habari. Inasema mbele ya wakati, ila wengi wanaongeza sauti ya redio. Dalili ya kwanza ni mlio: ko-ko-ko upande mmoja wa mbele, gari ikipita polepole kwenye mashimo au ikigeuka. Ya pili ni usukani ambao hautulii, shofere anarekebisha kila mara kama mtu anayeongoza mtumbwi kwenye mawimbi. Ya tatu ni tairi inayolika upande mmoja wakati upande mwingine ungali mpya. Ya nne inaonekana hata na abiria: ukisimama mbele ya gari mahali tambarare, magurudumu mawili hayasimami sawasawa, moja limeinama.

Kupima ni kazi ya dakika chache, na haidai mashine kubwa. Gari inasimamishwa mahali pa sawa, magurudumu ya nyuma yanazuiwa na mbao au mawe. Kwa gari ambayo springi yake inakaa juu ya mkono wa chini, kriki inawekwa chini ya mkono huo, karibu na gurudumu, na inapandishwa mpaka tairi iachane na udongo kidogo. Hapo rotili inaachiliwa uzito, na uongo wake unaonekana. Mtu mmoja anaingiza mtaimbo chini ya tairi na kuinua, mwingine anaangalia rotili kwa tochi. Kama inacheza, imekwisha. Kisha gurudumu linashikwa juu na chini na kutikiswa. Likicheza, mtu akanyage breki: mchezo ukipotea, ni rulma ya gurudumu, ukibaki, rotili ndiyo inatafutwa. Likicheza likishikwa kushoto na kulia, mara nyingi ni rotili ya usukani. Fundi mzuri hafanyi pima hii akiwa peke yake, na haharakishi.

Ni baada ya pima hiyo ndipo ubaya unapoanza katika garaji nyingi. Mwenye gari anapigiwa simu. Anauliza bei ya pyesi, kisha anasema: «Fanya yale unaweza, gari ifike Minova leo, tutaona kesho.» Fundi, ambaye naye anatafuta chakula cha watoto, anafanya yale anaweza. Anapiga kikombe cha rotili kwa nyundo ili kibane. Anaingiza kipande cha tairi ya zamani au cha bati. Anachomelea kwa umeme. Au anatoa rotili ya okazioni kwenye gari iliyokufa nyuma ya garaji na kuifunga hapo. Kelele inaisha. Shofere anafurahi. Lakini kelele ndiyo ilikuwa onyo, na sasa onyo limenyamazishwa huku ugonjwa ungali pale pale. Chuma kilichochomelewa kimepikwa, hakina tena nguvu yake ya kwanza. Rotili iliyobanwa kwa nyundo haigeuki vizuri, na chuma kisichogeuka kinavunjika.

Kazi ya kweli inajulikana, na mafundi wa Goma wanaijua. Nati za gurudumu zinalegezwa gari ikiwa ingali chini. Gari inapandishwa na kuwekwa juu ya shandeli za chuma, si juu ya kriki peke yake, wala juu ya mawe ya lava, maana jiwe hilo lina matundu na linaweza kupasuka ghafula chini ya mzigo. Mkono wa chini unabaki umeshikiliwa na kriki wakati wote, kwa sababu springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua mtu ikifunguka. Gupiya inatolewa. Nati ya rotili inalegezwa, lakini inaachwa kwenye meno machache ya mwisho, ili vyuma visiruke siku rotili inapoachia. Kuiachilia kunafanywa kwa kifaa cha kung'oa rotili, au kwa kupiga ubavu wa tundu lake. Haipigwi juu ya meno ya rotili, wala haipashwi moto wa shalimo, kwa sababu moto unaharibu chuma na kuunguza vifuko vya mpira vilivyo karibu.

Rotili mpya ikiingia, tundu linasafishwa mpaka chuma king'ae. Nati inakazwa kwa nguvu iliyoandikwa na kiwanda, kwa kutumia ufunguo wa kupimia. Kama tundu la gupiya halikutani na nati, nati inakazwa mbele kidogo, hairudishwi nyuma hata kidogo. Gupiya inakuwa mpya; msumari uliokunjwa si gupiya. Rotili yenye mdomo wa grisi inatiwa grisi mbele ya kutoka. Kama ya kushoto imekwisha, ya kuume iliyotembea njia ile ile nayo inabadilishwa, au walau inapimwa kwa haki. Kisha paralelismi inafanywa, la sivyo tairi zitalika katika majuma machache na mwenye gari atasema kwamba pyesi mpya ndiyo mbaya. Na baada ya siku ya kwanza ya barabara, gari inarudi garaji ili nati ziangaliwe tena.

Kuna pia swali la pyesi zenyewe. Birere kuna za kila namna, zilizopitia Kampala au Dubai, na sanduku zuri halisemi ukweli wa kilicho ndani. Mnunuzi anaweza kuifungua mbele ya muuzaji. Rotili mpya inageuka kwa ugumu, bila kukwama na bila kucheza. Kifuko chake hakina ufa. Kichwa cha meno ni safi, nati inaingia kwa vidole bila kulazimishwa. Ikiyumba mkononi kama kengele, irudishwe hapo hapo. Muuzaji anayekataa sanduku lifunguliwe amekwisha kujibu.

Mashofere wana maneno yao, na mengi ni ya haki. Wanasema kwamba barabara ndiyo inaua gari, na hakuna anayeweza kubisha hilo. Wanasema pia kwamba pesa inaishia kwenye vizuizi, kila mahali mtu na kamba yake, na jioni inayobaki ni ya mafuta na ya kumpelekea mwenye gari. Shofere akirudi bila ile pesa ya siku, kesho funguo zinapewa mwingine. Yote hayo ni kweli. Lakini hakuna hata moja linaloshika gurudumu. Barabara mbaya ni sababu ya kupima mara nyingi zaidi, haiwezi kuwa sababu ya kutopima. Na kama vizuizi vinakula pesa ya pyesi, basi hilo nalo lisemwe wazi: kila anayechukua pesa kwenye kamba bila haki anachukua pia kipande cha rotili ya gari inayopita mbele yake.

Mwenye gari, ambaye mara nyingi haonekani kwenye parkingi, ndiye wa kwanza kuulizwa. Gari ni mali yake, na hesabu iko mikononi mwake. Siku mbili za garaji ni hasara, ndiyo. Gari iliyolala kwenye mteremko, na mizigo ya watu imeharibika, na watu hospitalini, na familia zinazokuja kuuliza, ni hasara ya namna gani? Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walisema. Hapa, ukuta unaangukia watoto wa watu wengine, wala si aliyekataa kuuziba.

Shofere naye apewe haki ya kusema hapana. Leo akikataa kutoka kwa sababu ya rotili, anaonekana mvivu. Chama cha mashofere kingeweza kubadilisha jambo hilo bila kungoja msaada wa mtu. Kriki moja, mtaimbo mmoja, tochi moja, na daftari moja kwenye kila parkingi vinatosha. Kila kamyoneti ya abiria ipimwe mara moja kwa juma, jina la fundi na tarehe viandikwe. Gari iliyoandikwa kwamba inacheza isipewe zamu ya kupakia mpaka ibadilishwe. Shofere hatakuwa tena mtu mmoja anayebishana na bosi wake. Daftari ndilo litakuwa limesema. Wale wenye magari ambao wanachanga pesa kila juma kwa likelemba wanaweza kutenga sehemu ndogo kwa pyesi, ili rotili isingoje mwezi mzuri.

Polisi wa barabarani wanauliza karatasi, na karatasi ya kontroli tekniki ni ya lazima. Lakini karatasi haina chuma. Polisi anayeinama kuangalia gurudumu lililolala upande angeokoa watu wengi kuliko yule anayehesabu mihuri. Na mashirika ya misaada yanayokodi kamyoneti za mjini ili kupeleka unga, mahema au watu, yana nguvu ambayo mama wa kambini hana: yanalipa. Yakisema kwamba gari isiyopimwa haikodiwi, garaji zitajaa siku iyo hiyo.

Abiria ndio wanabaki, na ni vigumu kuwadai mengi. Familia inayokimbia risasi haina nafasi ya kuchagua gari. Inapanda ile iliyopo, na hakuna mtu wa kuilaumu. Lakini siku nyingi si siku za risasi. Ni siku za kurudi, za soko, za kwenda kuzika, na siku hizo kuna nusu saa ya kuangalia. Mama anaweza kusimama mbele ya gari na kutazama kama magurudumu yamesimama sawa. Anaweza kuuliza: «Rotili zilipimwa lini?» Anaweza kusikiliza ko-ko-ko kwenye mashimo ya kwanza, kungali karibu na mji, na kusema na wenzake kwamba gari isimame. Mtu mmoja akiuliza atachekwa. Watu kumi wakiuliza, konveyeri atamwita shofere.

Hakuna katika haya yote jambo linalongoja amani irudi au barabara ijengwe. Amani na barabara vinadaiwa, na viendelee kudaiwa. Lakini mtaimbo uko, kriki iko, mafundi wanaojua kazi wako Ndosho na Birere, na rotili mpya ziko kwenye rafu. Kinachokosekana ni wenye magari kukubali kwamba gari inaweza kulala siku mbili.

Kesho asubuhi, mama mwingine atasimama kando ya barabara na magodoro yake na kuuliza kama gari iko muzima. Shofere mwenye jibu la kweli hatasema habari ya Toyota. Atafungua daftari, aonyeshe tarehe, kisha apandishe watoto.